Nyumba za ajabu: uzuri wake uko wapi?

Ukipita Kalembe siku ya soko, ingia kidogo kwa kinyozi. Angalia ukuta wa mbao, pale juu ya kioo. Zamani palikuwa na picha za wachezaji wa mpira. Siku hizi utaona picha za nyumba: nyumba ya etaji tatu yenye madirisha makubwa kama milango, nyumba yenye maji ya kuogelea ndani ya saloni, nyumba iliyojengwa ukingoni mwa ziwa. Chini ya picha imeandikwa kwamba inauzwa.

Kijana mmoja ametoka machimboni, udongo ungali kwenye buti zake. Ananyolewa, lakini macho hayatoki kwenye picha. Anauliza: «Hii iko bei gani?» Kinyozi anamjibu: «Ndugu yangu, wenye ile bei hawanyolewi kwangu.» Wote wanacheka. Lakini kijana hakuwa akicheza. Moyoni alisema: siku moja nitapata ya kwangu.

Hatuandiki haya ili tumcheke. Kutamani nyumba nzuri si kosa. Sisi watu wa Masisi na Walikale tunajua thamani ya nyumba kuliko wengi. Mwaka 2024 mapigano yalipita hapa Kalembe, na jamaa nyingi zilikimbia zikiacha mlango, kitanda na sufuria. Mtu aliyelala chini ya turubai, mvua ikinyesha, hawezi kufundishwa na mwingine maana ya paa.

Basi mwezi huu tutembee pamoja. Tutaingia katika nyumba chache za ajabu, zingine za kwetu Kongo, zingine za mbali. Tutavua viatu mlangoni, tutasifu kinachostahili sifa. Kisha katika kila nyumba tutauliza neno moja: uzuri huu unashikwa na nini?

NYUMBA YA MLIMANI KAWELE

Tuanze na nyumba ambayo wazee wengi walisikia habari zake. Rais Mobutu alichukua Gbadolite, kijiji cha mababu zake kaskazini mwa inchi, akakifanya mji. Alijenga uwanja wa ndege wenye njia ndefu hivi kwamba hata Concorde, ile ndege ya Ulaya iliyopita mwendo wa sauti, iliweza kutua. Karibu na mji, juu ya kilima cha Kawele, alijenga nyumba yake mwenyewe.

Tuseme kweli: fundi aliyechagua mahali alikuwa na macho. Ukisimama juu, msitu umetandikwa chini kama mkeka wa kijani. Mabwawa ya kuogelea yalijengwa kwa ngazi, moja juu ya lingine, na chemchemi zikirusha maji. Sakafu na kuta zilivikwa marumaru, lile jiwe linalong'aa, lililoletwa kwa ndege kutoka Ulaya. Mgeni aliyeingia kutoka kwenye joto la inje alikanyaga sakafu ya baridi, akasikia maji, akasahau kwamba yuko katikati ya msitu. Katika mji huo huo, mwezi wa sita 1989, marais wengi wa Afrika walikutana kuzungumza juu ya amani ya Angola.

Lakini uzuri ule ulishikwa na nini? Ulishikwa na mtu mmoja. Marumaru haikutoka Ubangi. Fundi wa kurekebisha chemchemi hakuwa mtu wa kijiji. Chakula cha karamu kilishuka kutoka ndege. Mwezi wa tano 1997 mwenye nyumba alikimbia, na tarehe 7 mwezi wa tisa mwaka huo akafa huko Rabat, Moroko. Nyuma yake watu waliingia, wakabeba viti, mataa, mabomba, hata nyaya ndani ya kuta. Mabwawa yalikauka, majani yakaota kwenye nyufa. Tangu hapo vijana wa huko wamepokea wageni na kuwatembeza: «Hapa alilala. Hapa alikula.» Nyumba ile haikupata mnunuzi. Nani angeinunua? Na akiinunua, angeitunza kwa nini?

NYUMBA ILIYOUZWA USWISI

Mobutu alikuwa na nyumba zingine Ulaya. Moja ilikuwa kando ya bahari, Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa, karibu na Monaco. Ingine ilikuwa Savigny, juu ya mji wa Lausanne, inchini Uswisi. Hii ya Savigny ilikuwa na vyumba kama 30. Hebu fikiri, msomaji: mama akitaka kufagia vyumba 30, akimaliza cha mwisho, cha kwanza kimeshashika vumbi!

Mwaka 1997 serikali ya Uswisi ilifunga mali yake. Mwaka 2001 nyumba ya Savigny iliuzwa kwa mnada, zaidi kidogo ya milioni 3 za faranga za Uswisi. Watu wengi Kongo walitumaini kwamba mali iliyofungwa huko itarudi siku moja ijenge barabara na hospitali. Haikuwa hivyo. Mambo yalivutana mahakamani miaka mingi, mpaka mwaka 2009 feza iliyobaki, kama milioni 7.7 za faranga za Uswisi, ikafunguliwa na kwenda kwa warithi wake.

Picha ya nyumba inayouzwa haionyeshi mambo haya. Inaonyesha bustani, ngazi na mapazia. Haionyeshi jasho la nani lilinunua mapazia.

BUKAVU NA GOMA, KARIBU YETU

Tusiende mbali siku zote. Aliyefika Bukavu ameona nyumba za zamani katika ile sehemu ya mji inayoingia ndani ya ziwa. Zilijengwa zaidi kati ya miaka ya 1930 na ya 1950, Bukavu ilipoitwa bado Costermansville. Mafundi wa wakati ule walipenda kona za mviringo, madirisha ya duara kama ya meli, na mistari mirefu iliyolala ukutani. Ukiangalia nyumba kama hiyo kutoka majini, utasema ni meli iliyopanda mlima ikasahau kushuka. Ndani kuna saloni inayopokea mwanga pande mbili, na barza pana inayoangalia Ziwa Kivu. Hakuna pambo mingi. Uzuri uko katika umbo, mwanga na upepo.

Wale waliozijenga walielewa jambo moja: Bukavu ni mji wa miteremko. Walijenga ukuta wa mawe kushika udongo, wakaacha bustani na miti kunywa maji ya mvua, wakachimba mifereji. Leo bustani nyingi zimekatwa viwanja, na viwanja vimeuzwa. Miti imekwenda, mifereji imeziba. Mvua ikinyesha kwa nguvu, udongo unatembea, na nyumba iliyosimama miaka 70 inapasuka katikati. Anayeuza nyumba kama hiyo atakuonyesha ziwa. Wewe mwombe akuonyeshe mfereji.

Goma, mambo ni mengine. Huko chini ya kila nyumba kuna jiwe la Nyiragongo. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto wa mlima ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Zaidi ya watu 100,000 walibaki bila nyumba. Lakini watu wa Goma wana vichwa vigumu, na hapa tunalisema kwa heshima: walijenga tena juu ya jiwe lile lile. Walilivunja kwa nyundo, wakafanya misingi, kuta na viambaza vya kuzunguka kiwanja. Lile jiwe jeusi, likipangwa vizuri na simenti katikati, ni pambo lisilohitaji rangi. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 mlima ulitoka tena, na watu wa vijiji vya kaskazini mwa mji walijua tena ni nani mwenye kiwanja cha kweli.

Kando ya ziwa, sehemu za Himbi na Kyeshero, zilisimama nyumba kubwa za etaji zenye nguzo na vioo vya bluu. Nyingi zilikodiwa na mashirika. Na sisi wa machimbo tunajua njia ambayo sehemu ya ile feza ilipita. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda mbio kama mbuzi anayekimbia mvua. Mwaka 2001 ikaanguka. Aliyekuwa ameanza etaji ya tatu akabaki na vyuma vilivyosimama juu ya paa, vikishika kutu. Nyumba ya namna hiyo ni kama kalenda: ukiangalia mahali ilipoishia, unajua mwaka bei ilipoanguka.

NYUMBA YA LAMU: KUTA NENE, BORITI FUPI

Sasa twende mbali kidogo, pwani ya Kenya, kisiwa cha Lamu. Mwaka 2001 UNESCO iliuandika Mji wa Kale wa Lamu kati ya urithi wa dunia. Nyumba zake za mawe, zingine za karne ya 18, zinatafutwa sana na wanunuzi. Tangu miaka ya 1970 wageni wengi kutoka Ulaya na Marekani wamenunua hapo. Kwa nini mtu mwenye feza ya kujenga popote anatafuta nyumba ya zamani katika njia nyembamba ambamo gari haliwezi kupita?

Ukifika, inje huoni kitu. Ukuta mtupu, bila dirisha la kuangalia njia. Kisha mlango wa mbao uliochongwa, na mbele yake daka, yaani barza ndogo yenye viti vya mawe pande mbili. Pale mwanaume wa nyumba anapokea mgeni bila kusumbua walio ndani. Ukipita mlango, njia inapinda, kusudi mpita njia asione ndani. Halafu unatokea ghafla kwenye kiwanda, uwanja mdogo usio na paa, uliojaa mwanga. Hapo ndipo nyumba inavuta pumzi.

Kutoka kiwandani vyumba vinafuatana, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiinuka kidogo kuliko cha kwanza. Kadiri unavyoingia, mwanga unapungua na ubaridi unaongezeka. Ukuta wa chumba cha ndani ndio utakaokunyamazisha. Umejaa zidaka: vishimo vidogo vya kuwekea vitu, vilivyopangwa safu juu ya safu, na kuzungukwa na nakshi za chokaa. Humo waliweka sahani za China, vitabu, manukato. Taa ndogo ikiwashwa, ukuta mzima unakuwa kama asali ndani ya mzinga.

Na sasa sikia siri yake. Vyumba vya Lamu ni virefu lakini vyembamba, upana wake kama metre 3 tu. Kwa nini? Juu ya boriti. Paa zito la mawe na chokaa linashikwa na boriti za mikoko, ile miti inayoota ndani ya maji ya chumvi, na boriti hazifiki mbali zaidi. Fundi hakulia kwamba miti ni mifupi. Alifanya chumba kifuate mti. Mawe ni ya matumbawe, yaani mawe ya bahari yenyewe. Chokaa inachomwa kutokana na mawe yale yale. Ukuta ukichakaa, fundi wa mtaa anaupaka tena kwa vitu vya mtaa. Ndiyo maana nyumba imepita miaka 200.

Kuna jambo lingine la kupendeza. Huko, binti akiolewa, baba mwenye uwezo alimpa nyumba, au alimjengea juu ya nyumba yake. Nafasi ikikosa, chumba kilivuka hata juu ya njia kama daraja, na daraja hilo wanaliita wikio. Nyumba ilikua jinsi jamaa ilivyokua.

Lakini hata Lamu si paradiso. Warithi wakiwa wengi na feza ya kurekebisha ikikosa, nyumba inauzwa. Mnunuzi mgeni mara nyingi anaitengeneza vizuri sana, kisha anakaa mwezi mmoja au miwili kwa mwaka. Taa za zidaka zinazimwa. Nyumba imepona, jamaa imehama.

TURUDI KALEMBE

Umeona, msomaji? Kawele ilikuwa na marumaru, lakini ilishikwa na mtu mmoja. Savigny ilikuwa na vyumba 30, ikaishia mnadani. Bukavu uzuri unashikwa na mfereji. Lamu unashikwa na boriti fupi, chokaa, na watu wanaojua kuipaka. Tunaweza kusema hivi: uzuri unaodumu ni ule ambao wanaokaa ndani wanaweza kuutunza kwa mikono yao na kwa vitu vilivyo karibu nao.

Kama ni hivyo, nyumba ya mbao ya hapa kwetu si nyumba ya aibu. Hebu tuibe kidogo akili ya wale mafundi:

1. Inua mbao kutoka udongoni. Weka msingi wa mawe, hata wa magoti tu. Mbao ikigusa udongo, inanyonya maji na mchwa wanapata ngazi.

2. Acha paa litokeze. Mabati yakipita ukuta kwa hatua moja, mvua haipigi mbao, na wewe umepata barza bila kuijenga. Hiyo ndiyo daka yako: mgeni anaketi, mama anachambua maharagi, watoto wanafanya masomo mwanga ungalipo.

3. Weka madirisha yanayoangaliana. Dirisha moja ni kwa kuona. Madirisha mawili ni kwa kupumua. Na jiko lipewe njia ya kutoa moshi, kwani macho ya mama si bomba.

4. Fanya zidaka zako. Kati ya nguzo na nguzo ya ukuta wa mbao kuna nafasi. Piga vibao vidogo, weka vikombe, vitabu, taa. Paka ukuta ule udongo mweupe tunaouita pemba. Utashangaa usiku, taa moja itafanya kazi ya mbili.

5. Chimba mfereji mbele ya kununua viti. Na usikate mti wa mwisho wa kiwanja.

6. Jenga kidogo, maliza. Vyumba viwili vilivyokwisha ni bora kuliko kumi vinavyongoja bei ya koltani.

KABLA YA KUTOA FEZA

Na wewe kijana wa machimbo, kama siku moja utapata feza ya kununua nyumba ya mawe, Goma au pengine, usinunue picha. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema udongo wa Kongo ni wa Serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inaonyeshwa na cheti cha uandikishaji kinachotolewa na ofisi ya mashamba na viwanja. Barua ya muuzaji na alama za vidole vya mashahidi hazitoshi kuchukua nafasi yake. Uliza tena cheti kina umri gani, kwani miaka miwili ya kwanza mtu anaweza bado kukishambulia mahakamani. Uliza majirani. Uliza kama kuna mjane au yatima wanaolia nyuma ya mauzo hayo.

Uliza pia kama bibi wa muuzaji amekubali. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inaomba bwana na bibi wote wawili wakubali kabla ya kuuza nyumba na kiwanja. Na wewe unayenunua, je, wa kwako nyumbani anajua? Wanaume wangapi walionyesha marafiki picha ya nyumba, na bibi akaisikia habari sokoni!

Turudi sasa kwa kinyozi. Yule kijana amemaliza kunyolewa. Kabla ya kutoka, kinyozi anabandua ile picha na kumpa: «Chukua, imekuwa yako bila dola hata moja.» Kijana anaikunja, anaitia mfukoni. Ukikutana naye, usimwambie aitupe. Mwambie aende nayo nyumbani, aiweke mezani mbele ya mama yake, dada zake, au bibi yake kama anaye, kisha aulize: «Katika nyumba hii, ni kitu gani tungependa kweli?» Pengine watajibu: mwanga. Pengine: mahali pa mgeni. Pengine: mlango unaofungwa vizuri usiku. Mengi ya hayo yanaweza kuanza mwaka huu, kwa mbao, mawe na misumari ya hapa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA JIONI

— Katika nyumba yetu, ni pembe gani nzuri kuliko zote, na ni nani aliyeifanya kuwa nzuri?

— Kama tungelazimika kukimbia tena, ni karatasi gani za nyumba na kiwanja tungebeba, na ziko wapi sasa hivi?

— Kitu gani kimoja tunaweza kutengeneza kabla ya mvua kubwa?